Joto la Kaskazi na Wanyama wa Nyumbani

Mbwa mwenye afya huwa na joto la mwili la nyuzi 38.3 hadi 39.2 za Selisiasi. Paka yuko karibu na hapo, na kuku hufika 41 au 42. Wote wanampita binadamu, ambaye kawaida yake ni 37, lakini haina maana kwamba wanastahimili joto kumzidi. Mbwa aliyefika nyuzi 41 kwa sababu ya joto la nje tayari yumo hatarini, na akikaribia 43 figo, ini, utumbo na ubongo huanza kuharibika. Kati ya uzima wake na hatari pana nyuzi mbili tu, na siku mbaya anaweza kuzivuka kwa muda mfupi kuliko wa kupika chungu cha maharagwe.

Katika pwani ya Afrika Mashariki siku hizo mbaya huja na kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo huvuma kutoka kaskazini-mashariki, na kipimajoto cha kivulini mjini Dar es Salaam, Tanga au Mombasa husoma nyuzi 32 au 33 mchana. Usiku hakupoi sana. Kwa anayezitazama tarakimu peke yake hali haitishi, kwani Muscat wakati wa kiangazi huvuka nyuzi 40 mara kwa mara. Kinachoifanya pwani kuwa ngumu kwa mnyama ni unyevu wa hewa.

Mtungi wa udongo unalieleza jambo hili vizuri. Maji hupenya polepole katika udongo hadi upande wa nje, hukauka hapo, na yanapokauka huondoka na joto, hivyo yaliyobaki ndani hupoa. Mwili wa binadamu hufanya vivyo hivyo kwa jasho. Mbwa na paka hawana jasho la maana. Tezi zao chache za jasho ziko kwenye nyayo. Mtungi wa mbwa ni ulimi wake, pamoja na pua na kinywa. Akipumzika huvuta pumzi kama mara 20 au 30 kwa dakika, lakini akihema huenda akapita 300, na kila pumzi hupitisha hewa juu ya utando wenye maji. Sasa, mtungi uliowekwa mahali penye hewa nzito yenye unyevu haupoi sawasawa, kwa sababu maji hayapati pa kukaukia. Ulimi nao ni hivyo hivyo. Mbwa wa Mombasa mwezi Februari anaweza kuhema kwa nguvu zake zote na apate nafuu ndogo, huku kuhema kwenyewe kukimpotezea maji na kuifanya misuli ya mbavu izalishe joto jingine.

Ndiyo maana feni, inayompoza mtu papo hapo, haimsaidii sana mbwa aliye mkavu. Upepo wa feni hukausha jasho, na yeye hana la kukaushwa. Akiloweshwa kwanza tumboni, kwapani na miguuni, ndipo feni ile ile inapofanya kazi.

Kinga ya pili, iliyo kubwa kuliko kuhema, ni kuhama. Mbwa asiyefungwa hulala mchana kutwa na kufanya shughuli zake usiku. Hufukua shimo kwenye mchanga mbichi kando ya bomba la maji, akajinyoosha humo tumbo likiwa chini. Paka huacha mkeka na kwenda kwenye sakafu tupu ya saruji, kisha saa tisa anaonekana dirishani panapopita upepo. Kuku huingia chini ya michongoma wakapanua mabawa. Hakuna aliyewafundisha. Ukifuatilia jinsi wanyama wa nyumbani wanavyokufa kwa joto, karibu kila mara utakuta kwamba uhuru huo wa kuchagua mahali ulikuwa umeondolewa na mtu: kwa mnyororo, kwa tundu, kwa mlango wa gari, au kwa kamba ya matembezi.

Mnyororo, kivuli na maji

Mbwa wengi wa pwani ni walinzi wa nje, na mchana hufungwa. Anayemfunga hufanya hivyo asubuhi, na mahali anapopachagua huwa na kivuli saa hiyo. Kosa liko hapo. Asubuhi kivuli cha mti huangukia upande wa magharibi. Alasiri kimehamia mashariki. Mbwa aliyefungwa saa mbili penye kivuli kizuri anaweza kuwa juani saa saba, na mnyororo wa mita mbili haumruhusu kukifuata. Ukuta ni mbaya zaidi ya mti. Mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri mjini Dar es Salaam hupita karibu kabisa na utosi, na ukuta wa uani hautoi kivuli cha kumtosha hata kifaranga. Mwembe au mkungu wenye matawi mapana hufunika ardhi yake saa hiyo hiyo.

Ikiwa hapana budi mbwa afungwe, njia iliyo bora ni waya mrefu uliotandazwa kati ya miti miwili, mnyororo ukiteleza juu yake, ili aweze kwenda upande wenye kivuli kila saa ya mchana. Bora kuliko hiyo ni uzio na lango linalofungika, na mbwa akaachwa huru ndani. Gharama ya uzio ni kubwa, lakini mnyama aliyewekwa kumlinda mtu anastahili kupewa nafasi ya kujilinda mwenyewe na jua.

Kibanda cha mabati kisicho na dari ni tanuri. Bati lililopigwa na jua hurudisha joto chini, na mnyama aliye ndani hulipokea mgongoni. Makuti juu ya bati, au makuti peke yake, hubadilisha hali nzima. Kibanda kiinuliwe kidogo kutoka ardhini, kiwe wazi pande mbili, na uwazi mmoja uelekee kaskazini-mashariki unakotoka upepo wa msimu huu. Nyumba za zamani za pwani, zenye kuta nene na nafasi ya hewa kupenya juu, zilijengwa kwa hesabu hiyo hiyo.

Maji yanahitaji uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. Mbwa wa kilo 20 huhitaji kama lita moja kwa siku za kawaida, na wakati wa joto mara mbili au zaidi. Sufuria nyepesi huangushwa na mnyororo saa nne asubuhi, na mbwa akashinda na kiu hadi jioni bila mtu kujua. Chombo kizito cha udongo ni salama zaidi: hakipinduki ovyo, na maji yake hayachemki kama ya sufuria iliyoachwa juani. Viwekwe viwili, mahali tofauti. Maji yamwagwe na kubadilishwa kila siku, kwa afya ya mnyama na pia ya wenye nyumba, maana mbu wanaoeneza homa ya dengi hutaga kwenye vyombo vya namna hiyo hiyo, na kiluwiluwi huhitaji takriban wiki moja tu kuwa mbu. Wazo la kwamba kumnywesha mbwa ni jambo la heshima si geni pwani. Madarasani watoto husimuliwa kisa cha mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake ili kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake.

Gari na safari

Gari lililofungwa hupata joto kwa kasi isiyosadikika. Vipimo vilivyochapishwa nchini Marekani mwaka 2005 vilionyesha kwamba joto la ndani hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 katika saa moja, na asilimia 80 ya ongezeko hilo hutokea ndani ya nusu saa ya mwanzo. Kuacha kioo wazi kidogo hakukuleta tofauti ya maana. Siku ya nyuzi 32, basi, gari linaweza kuzidi nyuzi 50 kabla mwenye gari hajamaliza manunuzi yake sokoni. Mbwa aliyeachwa humo anahema hewa ambayo yeye mwenyewe anaijaza unyevu.

Foleni ya kivuko, Kigamboni au Likoni, ni mtego wa aina yake. Injini imezimwa, kipoza hewa kimezimwa pamoja nayo, na gari halisogei. Anayesafiri na mnyama avuke alfajiri au usiku, awe na maji na kitambaa cha kulowesha, na ateremke naye kivulini foleni inaposimama.

Watoto wa mbwa, sungura na kuku husafirishwa kwa kawaida ndani ya maboksi na matenga, chini kwenye buti la basi au nyuma ya pikipiki. Buti la basi halina hewa inayozunguka, na njia ndefu ya mchana wa Januari ni hukumu ya kifo kwa wengi wao. Tenga la fito lenye matundu, nafasi ya kila mnyama kulala bila kulaliwa na mwenzake, na basi la usiku: haya matatu huokoa wanyama wengi kuliko dawa yoyote.

Matembezi na mazoezi

Hofu kubwa ya watu ni gari, lakini takwimu zinaelekeza kwingine. Watafiti wa nchini Uingereza, wakiwemo wa Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Mifugo cha London, walichunguza kumbukumbu za kliniki za mbwa zaidi ya 900,000 wa mwaka 2016. Kati ya matukio ya kuzidiwa na joto ambayo chanzo chake kilijulikana, takriban robo tatu yalitokana na mazoezi: kutembea, kukimbia, kucheza. Gari lilichangia asilimia 5 hivi. Na hiyo ni Uingereza, ambako mchana wa Julai mara nyingi hauna joto la usiku wa Tanga.

Sababu yake inaeleweka. Msuli unaofanya kazi huzalisha joto kutoka ndani, kwa hiyo mnyama anapigwa pande mbili. Isitoshe, mbwa hana hesabu ya kujiwekea akiba. Akiitwa na mtu anayempenda, atakimbia. Akirushiwa mpira mara ishirini, ataufuata mara ishirini. Kijana anayeendesha baiskeli huku mbwa akikimbia kando kwa kamba hawezi kujua kwamba mnyama amechoka, kwa sababu mbwa hataonyesha kuchoka hadi atakapoanguka. Uamuzi wa kusimama ni wa aliyeshika kamba.

Saa za kutembea ni alfajiri hadi jua linapochomoza. Jioni haitoshi kungoja jua lizame, kwani lami huhifadhi joto. Hewa ikiwa na nyuzi 31, lami iliyo juani inaweza kuvuka 60, kiasi cha kuchubua nyayo. Kipimo chake ni rahisi: mtu aweke mgongo wa mkono wake juu ya lami kwa sekunde saba. Asipoweza kuvumilia, mbwa asipitishwe hapo. Mchanga mkavu wa ufukweni hupimwa vivyo hivyo.

Si mbwa wote walio sawa. Wenye pua fupi, kama Pug, Bulldog na Boxer, wamenyimwa sehemu kubwa ya ule mtungi tuliouona. Njia yao ya hewa imebanwa, na kuhema kwao ni kazi nzito yenye faida ndogo. Katika utafiti huo wa Uingereza, Bulldog alikuwa na uwezekano wa kuzidiwa na joto mara 14 kuliko Labrador. Wanene, wazee, wachanga na wenye ugonjwa wa moyo wamo katika kundi hilo la hatari. Husky, aliyeumbiwa theluji, ameanza kuonekana katika miji ya pwani, na hapa lazima isemwe wazi: kumleta mnyama huyo mahali ambapo hawezi kuishi nje ya chumba chenye kipoza hewa ni kumtendea isivyo haki, hata akipendwa namna gani. Mbwa wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi na mwili mwembamba, anaifaa pwani kwa kila kipimo.

Mbwa mwenye manyoya ya tabaka mbili asinyolewe hadi ngozi kuonekana, kwa kuwa manyoya ya juu humkinga na jua. Achanwe ili manyoya ya ndani yaliyokufa yatoke na hewa ipite.

Paka, sungura na kuku

Paka anahitaji kusaidiwa kidogo kuliko wote, mradi milango isifungwe. Asili yake ni nchi kame, hulamba manyoya yake ili mate yakauke na kumpoza, na hujua kila kona yenye ubaridi. Kando ya msitu wa Arabuko Sokoke, katika Kaunti ya Kilifi, wapo paka wa mabaka kama gome la mti ambao Wagiriama waliwafahamu kabla hawajaanza kufugwa kama aina ya pekee ya paka mwishoni mwa miaka ya 1970. Manyoya yao yamelala karibu na ngozi, karibu bila tabaka la ndani. Kinyume chake ni paka wa Kiajemi, mwenye pua iliyobonyea na manyoya mazito, ambaye anahitaji uangalizi kama wa Bulldog. Paka anayehema kinywa wazi kama mbwa haigizi mbwa. Kwake hiyo ni dalili ya hatari, na apelekwe kwa daktari wa mifugo. Paka weupe wana tatizo jingine: ncha za masikio na pua zao huungua na jua, na miaka ya kuungua inaweza kuzaa saratani ya ngozi. Kidonda kisichopona sikioni mwa paka mweupe kisisubiriwe.

Sungura ndiye anayekufa kimya kimya. Asili ya sungura wa kufugwa ni Hispania na Ureno, ambako babu zao walishinda mashimoni wakati wa jua. Hatoi jasho, hahemi vizuri, na hutegemea masikio yake makubwa kupunguza joto kupitia mishipa ya damu. Hewa ikizidi nyuzi 28 hivi anaanza kupata taabu, yaani karibu kila mchana wa kaskazi. Tundu la waya chini ya paa la bati, ambalo ndilo wengi wanalo, halimfai. Lihamishiwe chini ya mti, lifunikwe kwa makuti, na ndani iwekwe chupa ya plastiki yenye maji yaliyogandishwa, ambayo sungura atajilaza kando yake mwenyewe. Masikio yakilowa kidogo humsaidia. Mwili mzima usizamishwe, kwa kuwa huogopa mno, na hofu peke yake yaweza kumuua.

Kuku hupanua mabawa na kutetemesha koo. Wape kivuli, nafasi na maji, na chakula kitolewe asubuhi na mapema au jioni, kwa sababu kusaga chakula nako huzalisha joto. Kishingo, yule kuku asiye na manyoya shingoni, huanza akiwa na faida: aliyeirithi sifa hiyo kwa wazazi wote wawili ana pungufu ya manyoya inayofikia asilimia 40.

Mnyama aliyekwisha kuzidiwa

Dalili za mwanzo ni kuhema kusikokoma hata akiwa kivulini, mate mazito yanayoning'inia, na ulimi na ufizi wenye wekundu uliokolea. Baadaye huyumba, hutapika, huharisha, pengine kwa damu, kisha hulala asiinuke au hupatwa na degedege. Ufizi unaogeuka zambarau au mweupe unaonyesha kwamba muda umekwisha kuwa mfupi.

Jambo la kwanza ni kumpoza, safari ya kwa daktari baadaye. Mpangilio huu ni muhimu, na wengi huugeuza: hukimbilia gari, na mnyama akaendelea kuiva njiani. Ahamishiwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, hasa tumboni, kwapani, mapajani na miguuni, na upepo uelekezwe kwake kwa feni, ungo au kipepeo. Mbwa kijana mwenye afya aliyeanguka akikimbia anaweza kuzamishwa kwenye maji baridi hadi shingoni, kichwa kikiinuliwa. Maji yapimwe kwa mkono kwanza, kwani yale yanayotoka kwenye tangi la juu ya paa saa nane mchana huwa ya moto. Ya kisimani, ya mtungini au ya ndoo iliyokuwa ndani ni bora. Taulo mbichi isitandazwe juu yake ikaachwa, maana baada ya dakika chache hugeuka blanketi. Akiwa na fahamu aruhusiwe kunywa kidogo kidogo. Asiye na fahamu asimiminiwe kitu kinywani. Penye kipimajoto, kinachoingizwa njia ya haja kubwa, kumwagia maji kusimame joto likishuka hadi 39.5, kwa sababu mwili huendelea kupoa wenyewe.

Asipewe vidonge vya kushusha homa. Homa ni joto ambalo mwili wenyewe umeliamuru, na vidonge hubadilisha amri hiyo. Kuzidiwa na joto hakutokani na amri hiyo. Kwa paka ni hatari iliyo kubwa zaidi: kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua. Homa ya kweli nayo ipo pwani, hasa ile inayoletwa na kupe, na mbwa aliyelegea mwenye joto la juu asubuhi yenye ubaridi huenda anaugua hiyo. Daktari wa mifugo huitofautisha kwa kupima damu.

Mbwa anayeyumba na kutoa mate huwatia watu hofu ya kichaa cha mbwa, na si mara chache hupigwa mawe. Kwa macho peke yake haiwezekani kuyatenganisha mambo haya mawili kwa uhakika. Mbwa wa nyumbani aliyechanjwa, aliyekuwa mzima asubuhi na akaanguka juani mchana, kwa uwezekano mkubwa amezidiwa na joto. Asiyejulikana historia yake amwagiwe maji kwa ndoo kutoka mbali, asishikwe, mate yake yasiguswe, na ofisi ya mifugo ya kata iarifiwe. Maji ya ndoo yanamsaidia hata hivyo.

Mnyama akiinuka na kutikisa mkia, daktari bado anahitajika siku hiyo hiyo. Utumbo na figo zilizopikwa huonyesha madhara yake kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na damu inaweza kupoteza uwezo wa kuganda. Madoa mekundu tumboni au kwenye ufizi, mkojo mchache au wenye rangi ya chai, na choo cheusi au chenye damu katika siku hizo humrudisha kliniki bila kusubiri kuche.